Mfilisi aitwe mahakamani bila kungoja malalamiko

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa za matangazo za gazeti lako, kati ya zabuni za halmashauri na taarifa za watu waliopotelewa na hati za viwanja, hutokea mara kwa mara tangazo fupi lisemalo kwamba kampuni fulani imewekwa chini ya ufilisi kwa amri ya Mahakama Kuu, kwamba fulani ameteuliwa kuwa mfilisi wake, yaani mtu wa kukusanya na kuuza mali zake ili wanaoidai walipwe, na kwamba kila anayeidai kampuni hiyo awasilishe madai yake pamoja na vielelezo kabla ya tarehe iliyotajwa. Wasomaji wengi hulipita. Mimi hulisoma mpaka namba ya sanduku la posta, kwa sababu tangazo la namna hiyo liliwahi kubandikwa kwenye lango la kiwanda nilichokitumikia kwa miaka 17, nami nilikuwa miongoni mwa waliosimama mbele yake, mmoja wetu akilisoma kwa sauti ili na walioko nyuma wasikie.

Ninaomba nafasi niseme jambo moja kuhusu usimamizi wa mahakama juu ya wafilisi. Sheria ya kuwasimamia tunayo, na si mbaya. Tatizo ni kwamba mahakama, ikishamteua mfilisi, hukaa kumngoja mtu aje kumlalamikia, ilhali wenye sababu ya kulalamika ndio hao hao wasiooneshwa chochote cha kulalamikia.

Nianze na niliyoyaona mwenyewe. Kiwanda chetu kilikuwa cha kukamua mafuta ya kula. Sitakitaja jina wala mji kilipokuwa, na mfilisi wake simtaji, kwa kuwa jalada halijafungwa na sipendi kumchafulia jina mtu ambaye huenda alifanya kazi yake kwa uaminifu mtupu. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo sijui kama aliifanya hivyo au hapana, na sina mahali pa kujulia.

Kazi yangu ilikuwa kutunza ghala la vipuri. Kila kipuri kilikuwa na kadi yake iliyoning'inizwa kwa uzi kwenye rafu, ikionesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na kila jioni kabla ya kufunga nilihamishia tarakimu hizo kwenye leja. Makarani wawili wa mfilisi walipokuja kuhesabu mali, niliwakabidhi nakala ya leja hiyo, kurasa 61, nao wakaitia saini ya kuipokea. Ndani yake mlikuwa na beringi za mashine za kukamulia ambazo hazijawahi kutolewa kwenye karatasi zake za grisi, mikanda, vali za boila, na mota mbili mpya za umeme zilizoagizwa mwaka mmoja kabla uzalishaji haujasimama. Miezi mitano baadaye liliingia lori la mnunuzi wa chuma chakavu. Nilikuwa nimesimama nje ya uzio pamoja na mlinzi, na niliona beringi zile, zikiwa bado kwenye karatasi zake, zikitiwa gunia moja na vipande vya mashine zilizovunjika, gunia likaning'inizwa kwenye mizani, mtu akaandika kilo kwenye kipande cha boksi. Muda mrefu baadaye tulipofanikiwa kuiona orodha ya mali zilizouzwa, leja yangu yote ya kurasa 61 ilikuwa imekuwa mstari mmoja: "Vipuri mbalimbali, jumla", na tarakimu moja mbele yake.

Sisemi kwamba bei ile ilikuwa ya hovyo. Mitambo mikubwa ilikuwa imeshachukuliwa na benki iliyokuwa na dhamana, na beringi isiyo na mashine ya kuivaa haina thamani kubwa kuliko chuma chake. Inawezekana kabisa kwamba mfilisi aliwauliza wanunuzi watatu na huyo wa chuma chakavu ndiye aliyetoa bei ya juu. Mota mbili mpya, hata hivyo, si chuma. Maelezo ya mistari mitatu yangetosha kututuliza au kutupa sababu ya kuuliza zaidi. Hayakutolewa, kwa sababu hakuna aliyeyadai.

Tulikuwa wafanyakazi 46 tuliokuwa tukidai mishahara, likizo na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii iliyokatwa bila kupelekwa. Tulichangishana nauli, tukawatuma watu watatu Mahakama Kuu kuangalia jalada. Karani wa masjala alilitafuta kwa uungwana wote akalileta. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa ile amri ya kumteua mfilisi, na ilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi kadhaa. Baada yake hapakuwa na kitu. Wakili tuliyemwendea akatueleza kwamba sheria inaturuhusu kwenda mbele ya jaji kupinga kitendo chochote cha mfilisi kinachotuumiza, kisha akatuuliza swali ambalo ni la haki kabisa: kitendo gani, na ushahidi uko wapi? Ushahidi ulikuwa kwenye vitabu vya mfilisi. Vitabu vilikuwa ofisini kwake Dar es Salaam. Tulipofika huko tuliambiwa viko kwa mhasibu.

Hapa ni lazima niondoe utata mmoja, maana lugha yetu imewapa watu wawili jina moja. Benki iliyokopesha kwa dhamana ya mali zote za kampuni inaweza kumweka mtu wake wa kushika mali hizo na kuziuza ili deni lake lilipwe. Huyo naye mitaani tunamwita mfilisi, lakini kazi yake ya kwanza ni kumrudishia fedha aliyemweka. Mfilisi ninayemzungumzia hapa ni yule anayeteuliwa katika shauri la kuimaliza kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Huyu ni afisa wa mahakama. Hamtumikii mdai mmoja wala wakurugenzi wa zamani; anawashikia wote, kuanzia Mamlaka ya Mapato hadi mama aliyekuwa akitupikia chai, ambaye kampuni ilifunga milango ikiwa na deni lake la wiki tisa. Kwa sababu hiyo ndiyo maana anapewa madaraka makubwa. Siku amri inapotoka, wakurugenzi hunyang'anywa usukani, mashauri dhidi ya kampuni husimama mpaka mahakama itoe ruhusa, na kila funguo huwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, iliyotungwa mwaka 2002 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2006, haikumwachia mtu huyo ajiendee apendavyo. Inamtaka aweke vitabu ambavyo mdai anaweza kuvikagua chini ya udhibiti wa mahakama. Inamtaka atume hesabu za mapato na matumizi kila baada ya muda uliowekwa. Kuna mambo ambayo hawezi kuyafanya mpaka apate kibali cha mahakama au cha kamati ya ukaguzi inayoundwa na wadai na wanahisa, kama vile kufungua mashauri kwa jina la kampuni au kuendelea kuendesha biashara yake. Mtu aliyeumizwa na uamuzi wake anaweza kumpeleka kwa jaji, naye jaji ana uwezo wa kuuthibitisha, kuubadilisha au kuufuta. Anaweza kuondolewa kwa sababu ya msingi, na akitumia mali vibaya anaweza kuamriwa airudishe kutoka mfukoni mwake. Haya yote niliyajua nikiwa nimeshastaafu, kwa kukaa na kijana mmoja wa jirani anayesoma sheria. Wakati tulipoyahitaji hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa na haki ya kuunda kamati, na sidhani kama wadai wa kawaida wa kampuni za siku hizi wanaambiwa.

Tazama sasa jinsi tunavyofanya katika jambo la karibu sana na hili. Mtu akifariki, ndugu wakamteua msimamizi wa mirathi na mahakama ikampa barua, sheria ya mirathi, Sura ya 352, inamtaka awasilishe orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ya namna alivyozigawa ndani ya mwaka mmoja. Najua wasimamizi wengi huchelewa, na mabaraza ya ukoo yamejaa visa vyao. Lakini tarehe ipo. Kila mjane anaijua, kila hakimu anaijua, na msimamizi aliyepitisha tarehe anaweza kuitwa ajieleze pasipo mjane kuthibitisha kwanza kwamba ameibiwa. Anayeshika nyumba moja ya Kigogo na mashamba mawili ya Mkuranga anadaiwa hesabu kwa kalenda, ilhali anayeshika kiwanda kizima, pamoja na jasho la watu 46, hesabu zake kwa vitendo hudaiwa pale tu anapotokea mtu mwenye wakili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya viwanda vidogo. Basi na tuitazame kampuni ambayo jina lake kila Mtanzania mwenye redio alilisikia. Independent Power Tanzania Limited, IPTL, iliingia mkataba wa miaka 20 wa kuiuzia TANESCO umeme mwaka 1995. Mwaka 2002 mwanahisa wake mwenye asilimia 30, VIP Engineering and Marketing, alifungua shauri Mahakama Kuu akiomba kampuni ile ifungwe kwa njia ya ufilisi. Haikuwa kampuni iliyofilisika kwa maana ya kawaida. Ulikuwa ugomvi wa wanahisa. Hata hivyo chombo kilichotumika ni hiki hiki ninachokieleza. Desemba 2008 mahakama ilimweka mfilisi wa muda, ambaye ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Tarehe 5 Septemba 2013 Mahakama Kuu iliamuru shughuli za kampuni zikabidhiwe kwa Pan Africa Power Solutions, na yaliyofuata kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, ya kushikilia fedha zenye mgogoro, iliyokuwa Benki Kuu yalifika bungeni Novemba 2014 na kuwang'oa watu madarakani.

Sina nia ya kulifufua sakata lile, na wenye makosa na wasio na makosa wameshasemwa vya kutosha. Ninaloliona mimi, kama mtu wa leja, ni dogo. Kwa karibu miaka mitano kampuni iliyokuwa ikilipwa fedha za umma ilikuwa mikononi mwa afisa wa mahakama, na bado sisi wananchi habari za hesabu zake tulizipata kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu na kwa Kamati ya Bunge, baada ya mambo kuharibika. Kama shauri kubwa kiasi kile, lenye mawakili wa kila upande na wadai wa kutoka nje ya nchi, halikutuzoesha kumwona mfilisi akisoma hesabu mbele ya jaji kwa utaratibu unaojulikana, nani atategemea kiwanda cha mafuta ya kula kiwe na bahati hiyo?

Niliahidi kukaa kwenye jambo moja, kwa hiyo benki zilizofungwa nazigusa tu. Benki Kuu ilipozifutia leseni benki tano Januari 2018, na kabla yake FBME mwaka 2017, Bodi ya Bima ya Amana ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuzifilisi. Huo ni utaratibu wenye sheria yake na unatokana na haja ya kuwalinda wenye amana haraka. Wenye amana walioachwa na salio juu ya kiwango cha bima wana maswali yao, na ningefurahi mtu anayeyajua vizuri kuliko mimi ayaandike.

Kuhusu ujira wa wafilisi ningependa kusema zaidi, kwa kuwa ndiko fedha za wadai zinakopotelea bila mtu kuvunja sheria hata moja. Gharama za ufilisi hulipwa mwanzo, kabla ya mishahara na kabla ya kodi. Utaratibu huo una busara yake, kwani hakuna mtu wa maana atakayekubali kuhangaika na madeni ya watu bila kuwa na hakika ya kulipwa. Lakini maana yake ni kwamba kila saa inayoandikwa kwenye karatasi ya mfilisi, kila barua ya wakili wake, kila safari ya Dar es Salaam kwenda kukagua geti lililofungwa, inakatwa kwenye kile ambacho kingewafikia walioko nyuma ya foleni.

Sheria yetu ya makampuni ni mtoto wa sheria ya Uingereza, kwa hiyo si vibaya kuchungulia kwa mzazi. Robert Maxwell, yule tajiri wa magazeti aliyefia baharini mwaka 1991, aliacha mali iliyowekwa chini ya wapokezi, yaani watu wa kuishika na kuikusanya, walioteuliwa na mahakama. Walifanikiwa kukusanya takribani pauni milioni 1.67. Walipopeleka madai ya ujira wao pamoja na gharama za mawakili wao, yalikuwa takribani pauni milioni 1.63. Waliodai mirathi ile wangebakiwa na kama pauni 44,000 za kugawana. Jaji Ferris, aliyepelekewa hesabu hizo, alishtushwa, na hakuzipitisha hivi hivi. Alieleza kwamba mtu anayeshika mali ya wengine haimtoshi kuonesha saa alizofanya kazi. Inampasa aeleze kila kazi ilikuwa na haja gani na iliwaletea faida gani wenye mali. Zingatia kwamba hakuna aliyemtuhumu mtu wizi. Saa zilifanywa kweli, na barua ziliandikwa kweli. Jambo lilionekana kwa sababu hesabu ilipita mbele ya macho ya jaji kabla fedha hazijaondoka, na pia kwa sababu jaji aliuliza.

Sasa lipo pingamizi ambalo ni lazima nilijibu, kwa kuwa nimelisikia kwa watu wenye akili. Husemwa kwamba majaji si wafanyabiashara, kwamba mfilisi akilazimika kugeuka nyuma kila anapotaka kuuza meza hatamaliza kazi, na kwamba maombi ya mahakamani yenyewe ni gharama inayokatwa kwenye fungu la wadai. Ni kweli tupu. Mimi mwenyewe nisingetaka jaji apange bei ya beringi. Mahakama za Uingereza zina kawaida ya kutoingilia uamuzi wa kibiashara wa mfilisi mpaka uoneshe ukosefu wa uaminifu, au uwe uamuzi ambao mfilisi yeyote mwenye akili timamu asingeufanya, na kawaida hiyo ina hekima.

Hata hivyo kuacha kuingilia si sawa na kuacha kutazama. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Terry Venables, aliyekuwa kocha wa England kwenye mashindano ya Ulaya ya mwaka 1996. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la kampuni yake, Edennote, iliyokuwa katika ufilisi huku klabu ya Tottenham Hotspur ikiwa mdai. Kampuni ilikuwa na madai yake yenyewe dhidi ya Tottenham, nayo mfilisi akamuuzia Venables haki ya kuyafuatilia bila kumpa mwingine, hata Tottenham, nafasi ya kutoa bei. Mahakama iliufuta uuzaji huo, kwa kuwa hakuna mfilisi makini anayemuuzia mtu mmoja kitu bila kuuliza kama mwingine angetoa zaidi. Lakini kuhusu kumwondoa kabisa mfilisi huyo, ilikataa. Kukosea mara moja hakukutosha kumfukuza mtu katikati ya kazi. Naipenda hukumu ile kwa kipimo chake. Jaji hakujifanya mfanyabiashara wala mfilisi hakuvuliwa nguo hadharani, ila kile kilichouzwa vibaya kilirudi.

Kuna neno "kuuliza kama mwingine angetoa zaidi" ambalo nililirudia mara kadhaa kijana yule aliponisomea. Mlango wa ghala langu ulikuwa mita arobaini kutoka barabara ya lami. Kwenye barabara hiyo kulikuwa na mafundi wa mashine za kusaga wasiopungua sita, ambao wengi wao walikuwa wakija kuniomba niwauzie beringi nami nikiwakatalia kwa kuwa ni mali ya kampuni. Hawakujua kwamba zinauzwa.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya, au kama kinahitaji basi ni kanuni ya kurasa mbili. Jaji anapotia saini amri ya kumteua mfilisi, amri hiyo hiyo itaje tarehe ya mfilisi kurudi, tuseme baada ya miezi sita, na asiondoke siku hiyo bila tarehe ya kurudi tena, mpaka kazi iishe. Si lazima awe jaji mwenyewe. Naibu Msajili anaweza kulisikiliza kwa dakika ishirini kama anavyosikiliza mambo mengine ya maandalizi ya mashauri. Mfilisi aje na karatasi inayoonesha alichokikuta, alichokiuza, aliyemuuzia, bei iliyokadiriwa kabla ya kuuza, kilichobaki, na ujira aliouchukua au anaotaka kuuchukua pamoja na maelezo ya kazi iliyoufanya ustahili. Ujira usitoke kabla ya siku hiyo. Ambaye hana la kuficha atatoka pale akiwa na kinga, kwa kuwa mdai atakayekuja miaka mitatu baadaye kumwita mwizi atakuta jalada linasema kinyume.

Karatasi hiyo iwe ya Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na sioni kwa nini hesabu za kampuni ambayo wadai wake wengi ni wapakiaji, madereva na wauza alizeti ziendelee kuandikwa kwa lugha ambayo wangelazimika kumlipa mtu awafasirie. Nakala moja ibandikwe pale pale lilipobandikwa tangazo la kwanza, langoni. Watu waliokuwa wakifanya kazi ndani ya uzio ule wanajua kilichokuwamo kuliko mkadiriaji yeyote anayeletwa kwa nusu siku, na wakiona "vipuri mbalimbali, jumla" wataguna, na guno lao litamfikia mtu.

Nao wadai waambiwe haki zao katika tangazo lile la kwanza. Sasa hivi linatuagiza tuwasilishe madai na basi. Lingeweza kuongeza sentensi mbili: kwamba wadai wanaweza kuunda kamati ya ukaguzi, na kwamba mwenye kuumizwa na uamuzi wa mfilisi anaweza kuuleta mbele ya mahakama, akitaja na namba ya shauri. Gharama yake kwa bei ya tangazo la gazeti lako, Ndugu Mhariri, haiwezi kuifilisi kampuni mara ya pili.

Ningeongeza suala la nani anastahili kuteuliwa. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mpya ya ufilisi mwaka 2015 inayomtaka anayefanya kazi hii awe na leseni mahususi, inayoweza kufutwa akivurunda. Ni jambo jema nasi tulifikirie, ingawa leseni bila jaji anayetazama ni kama kumpa dereva cheti kisha kuondoa trafiki wote barabarani.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya hospitali karibu na Mahakama Kuu ile, nikapita masjala. Karani siye yule wa zamani, lakini naye alinisaidia. Jalada limeongezeka karatasi nne: barua mbili za wakili wa benki, barua yetu wenyewe ya mwaka ule, na kibali cha kutoa nakala. Hesabu hamna. Wenzangu 11 kati ya wale 46 wameshatangulia mbele ya haki, na warithi wao hunipigia simu kuuliza kama kuna lolote. Nakala yangu ya leja ninayo, yenye saini za makarani wawili kwenye ukurasa wa mwisho, na siku Naibu Msajili atakapopanga tarehe nitaipeleka kwa nauli yangu.

Mtunza ghala mstaafu,
Morogoro